Maji ya Samaki Yamepauka: Cha Kununua na Cha Kuacha

Maji ya tangi la samaki yakianza kuwa meupe, mwenye tangi hukimbilia dukani. Muuzaji anamtolea chupa ndogo: "Matone kumi tu bosi, kesho maji yanang'aa." Analipa, anarudi nyumbani, na kweli kesho yake maji yanakuwa na nafuu. Wiki inayofuata yamerudi vilevile, na safari hii anauziwa chupa ya pili, ya bakteria. Mwisho wa mwezi anauziwa samaki wengine, kwa sababu wale wa kwanza wamekufa.

Sehemu kubwa ya fedha hiyo ingebaki mfukoni. Ukungu wa tangi la samaki wa dhahabu mara nyingi huondoka kwa maji safi, sponji na mkono mwepesi wakati wa kulisha. Vitu vya kununua vipo, lakini ni vichache, na vyenye faida kubwa ndivyo vya bei ndogo.

Nazungumzia tangi la kioo la kawaida, lita 40 hadi 100, ndani ya nyumba ya Dar es Salaam: joto lipo, umeme ni wa LUKU na maji ya bomba huja kwa zamu. Ukiwa Tanga, Mombasa au Zanzibar, mambo ni yaleyale kwa sehemu kubwa.

Anza na glasi, usianze na pochi

Chukua glasi safi isiyo na rangi. Chota maji katikati ya tangi, weka glasi juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, kisha chungulia kwa juu. Iache hapo hadi asubuhi.

Ukikuta vumbi limetulia chini na maji ya juu yako safi, tatizo ni kokoto ambazo hazikuoshwa vizuri. Maji yakibaki meupemeupe kama yaliyosuuzia glasi ya maziwa, bila kitu kutua chini, hao ni bakteria waliozaliana ndani ya maji. Yakiwa ya kijani, ni mwani. Yakiwa ya njano au kahawia lakini unaona mpaka upande wa pili, ni rangi iliyotoka kwenye gogo la mapambo, majani yaliyooza au mabaki ya chakula yaliyokaa muda mrefu.

Jaribio hili ni la bure na ndilo linalokuokolea fedha, maana dawa ya tatizo moja haigusi lingine. Taa ya kuua mwani haiondoi vumbi la kokoto. Chujio la kaboni haliponyi tangi lenye samaki wengi kupita uwezo wake. Muuzaji asiyekuuliza maji yana rangi gani, na tangi lina muda gani tangu lianze, anakisia kwa fedha yako.

Vumbi ni rahisi: toa kokoto, zioshe kwenye ndoo kwa maji matupu, zigeuze kwa mkono, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Usitie sabuni. Ukweli ni kwamba kwa samaki wa dhahabu kokoto si lazima kabisa. Samaki hawa hupekua chini kwa mdomo, na kokoto ndogo zinaweza kuwakwama kooni. Zile za rangi kali za bei rahisi nazo huanza kubanduka rangi. Acha chini patupu, au weka mawe machache makubwa laini. Utaokoa bei ya kokoto, na uchafu utauona mapema badala ya kufichwa na mawe.

Weupe wa maziwa: hapa ndipo fedha nyingi hupotea

Samaki wa dhahabu hana tumbo la kutunzia chakula kama letu. Anachokula hupita haraka na kutoka, na kupitia matamvua yake anatoa amonia mchana na usiku. Amonia ni sumu kwake mwenyewe. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hawa wenye manufaa hung'ang'ania juu ya vitu: sponji, mawe, kuta za kioo. Huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuenea vya kutosha.

Wale wanaopausha maji ni wengine. Wanaelea, wanakula mabaki ya chakula na kinyesi kilichoyeyuka, na huzaliana kwa kasi sana. Wao wenyewe si sumu, ila wanatumia oksijeni, na kuwepo kwao ni dalili kwamba tangi ni jipya au linalishwa kupita kiasi. Ndiyo maana mtu akimwaga maji yote na kusugua kila kitu kwa sabuni, maji hung'aa siku mbili tatu kisha yanapauka tena. Ameua bakteria waliokuwa wakimfanyia kazi bure, na sasa anaanza upya.

Dar es Salaam jambo hili lina uzito wa ziada. Maji ya nyuzi 20 za selsiasi yanaweza kubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu. Na katika joto hilohilo, sehemu ya amonia iliyo kali zaidi huwa karibu mara mbili ya ile ya nyuzi 20. Samaki wa dhahabu ni wa maji ya ubaridi kiasi. Anaweza kuishi kwenye joto letu, lakini uchafu ambao angeuvumilia kwenye maji baridi utamuua haraka hapa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usilishe kwa siku mbili. Samaki mkubwa mwenye afya hatadhurika. Kisha lisha mara moja kwa siku, kiasi ambacho wanakimaliza ndani ya dakika mbili, na kinachobaki kitoe kwa kichujio cha chai. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku moja mpaka weupe uondoke. Hewa iendelee kupiga saa zote. Usiguse sponji ya filta, isipokuwa imeziba, na ikiziba ikamue ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba.

Sasa gharama yake. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 lina lita 63. Robo yake ni lita 16 hivi, haijazi hata dumu moja la lita 20. Tuseme mtaani kwako dumu ni shilingi 500. Ukibadilisha maji mara saba ndani ya wiki mbili, umetumia shilingi 3,500. Baada ya hapo robo moja kwa wiki inakutosha, yaani shilingi 2,000 hadi 2,500 kwa mwezi. Mwenye bomba la nyumbani karibu hakuna anacholipa, maana uniti moja ya maji ni lita 1,000. Chukua bei uliyotajiwa ya chupa ya kung'arisha maji uiweke kando ya hesabu hiyo. Halafu kumbuka kwamba chupa haitoi amonia nje ya tangi, ndoo inaitoa.

Kuna kifaa kimoja cha kununua hapa, nacho ni mpira wa kunyonyea maji. Ule wa dukani wenye bomba pana mbele ni mzuri. Mita moja na nusu ya mpira mwembamba unaopitisha mwanga, kutoka duka la vifaa vya ujenzi, inafanya kazi ileile kwa fedha ndogo. Fungia kipande cha chupa ya plastiki kwenye ncha yake na utapata mdomo mpana wa kufyonza kinyesi.

Maji ya kutia yatoke wapi

Maji ya bomba la mjini hutiwa klorini ili sisi tusiugue, na klorini hiyohiyo huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wa filta. Dawa ya kuiondoa ipo madukani na inafanya kazi papo hapo. Njia ya bure ni kuyaacha maji kwenye ndoo isiyo na kifuniko kwa saa 24 hadi 48. Ukitumbukiza jiwe la hewa yanakuwa tayari mapema zaidi. Funika kwa kipande cha chandarua ili mbu wasitage.

Nunua dawa hiyo kama huna nafasi ya ndoo ya akiba, au kama maji yenu hutoka siku moja na siku hiyohiyo lazima uyatumie. Soma kipimo: chupa ya kutibu lita nyingi kwa tone moja ni nafuu kuliko chupa kubwa ya maji yaliyotiwa dawa kidogo. Linganisha bei kwa lita zinazotibiwa, usilinganishe ukubwa wa chupa. Ndugu zetu walio Marekani na Uingereza wajue kwamba huko miji mingi hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuyaacha maji wazi. Wao dawa ni lazima.

Maji ya kisima hayana klorini, lakini visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvichumvi. Onja kidogo. Ukiisikia chumvi waziwazi, changanya na ya bomba. Na usijazie tu maji yaliyopungua kwa joto: yanayokauka ni maji matupu, chumvi inabaki, na kila ukijazia kwa maji ya kisima unaiongeza. Toa kwanza, ndipo uongeze.

Maji ya boza hutegemea yalikotekwa, kwa hiyo muulize dereva kabla hajafungua mpira, na yaache yatulie siku nzima. Maji ya mvua ni mazuri yakichanganywa nusu kwa nusu na ya bomba. Yale ya dakika za mwanzo, yanayosafisha bati, yaache yapite.

Kuna vitu vya nyumbani ambavyo watu hujaribu na ambavyo nakuomba usivijaribu. Shabu husafisha maji ya ndoo kweli, lakini inayafanya kuwa na asidi, na alumini yake hudhuru matamvua. Mbegu za mlonge huvuta tope, kisha zenyewe zinaoza majini na kuwalisha bakteria wa ukungu uleule unaoukimbia. Dawa ya kutibu maji ya kunywa ni klorini. Ukiitia kwenye tangi umetia sumu. Chumvi ya jikoni haing'arishi maji hata kidogo.

Filta: ukubwa wa bei si ukubwa wa kazi

Dukani utaonyeshwa aina nne. Niziweke kwa mpangilio wa bei, kuanzia chini.

Sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa tangi dogo ndiyo ninayokushauri. Hewa inapanda ndani ya bomba, inavuta maji kupitia sponji, uchafu unanasa, na bakteria wanapata makazi. Haina motor ndani ya maji ya kuungua. Sponji ikitunzwa hukaa miaka. Sehemu inayochoka ni mpira mwembamba ulio ndani ya pampu, na katika pampu nyingi unabadilishwa. Ubaya wake ni mlio wa pampu na mapovu, na haivutii macho. Pampu ya wati 3 ikiwaka mwezi mzima hutumia uniti 2.16.

Filta ya kuzama ndani, yenye motor, husukuma maji kwa nguvu zaidi na hunasa chembe ndogo vizuri zaidi. Ya wati 10 hutumia uniti 7.2 kwa mwezi. Angalia sponji yake: kama ni ndogo mno, itaziba kila wiki kwa kinyesi cha samaki wa dhahabu. Umeme ukiyumba, motor zake za bei rahisi ndizo huungua kwanza.

Filta ya kuning'inia mgongoni ni nadhifu na rahisi kufungua. Mtego wake uko kwenye kibeti cha ndani chenye kaboni, ambacho maelekezo husema ubadilishe kila mwezi. Kila ukikitupa, unawatupa bakteria wako na kununua ukungu mpya. Ukiwa nayo tayari, toa kibeti, kata sponji ya kawaida ya filta uijaze humo, na gharama ya kila mwezi imekwisha. Ukiwa hujanunua, uliza kwanza bei ya vibeti na kama vitapatikana mwezi ujao. Maduka mengi huleta filta bila kuleta vipuri vyake.

Filta ya mtungi, ile inayokaa chini ya meza, ni nzuri kwa tangi la lita 150 na kuendelea. Kwa tangi dogo ni fedha iliyolala. Na ina hatari ambayo muuzaji haitaji: umeme ukikatika saa nyingi, maji yaliyofungiwa ndani yanaishiwa oksijeni, bakteria wanakufa, na umeme ukirudi uozo wote unasukumwa kwa samaki. Mwenye mtungi kwenye mtaa wenye mgao lazima aufungue na kuusuuza kabla ya kuuwasha tena.

Kuhusu umeme wenyewe. Kwa shilingi 356 kwa uniti, kodi ndani, bei ambayo wateja wengi wa majumbani walio nje ya tarifa ya watumiaji wadogo wamekuwa wakilipa, pampu ya wati 3 inakula kama shilingi 770 kwa mwezi. Filta ya wati 10 ni shilingi 2,560. Mtungi wa wati 20 ni zaidi ya 5,100. Kama nyumba yako iko kwenye tarifa ya wadogo, ile yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na tayari unaikaribia 70, fikiri mara mbili. Mtungi pamoja na taa ya mwani vinakuongezea uniti 20 hivi. Ukivuka kikomo unaweza kuhamishiwa tarifa ya juu, na hapo utalipa bei kubwa kwa pasi na friji pia.

Nyongeza mbili ndogo usiziruke. Ya kwanza ni vali ya kuzuia maji kurudi, kidude cha plastiki kinachowekwa katikati ya mrija wa hewa. Bila hicho, umeme ukikatika maji yanaweza kupanda mrija, yakaingia kwenye pampu, na mengine yakamwagika sakafuni. Ni kati ya vitu vya bei ya chini kabisa dukani na mara nyingi hakimo kwenye boksi la pampu. Kama hukukipata, weka pampu juu kuliko usawa wa maji. Ya pili ni pampu ndogo ya hewa inayochomekwa kwenye pawabanki ya simu. Hutumia umeme mdogo sana, na pawabanki ya kawaida iliyojaa inaivusha usiku. Kwa mtaa ambao umeme hukatika mara kwa mara, hii ina faida kuliko taa yoyote ya rangi utakayouziwa.

Chupa zinazouzwa, na ipi ina kazi

Dawa ya kung'arisha maji hugandisha chembe ndogo zikawa kubwa, zikanaswa na filta. Inasaidia kwa vumbi, kama una filta nzuri. Kwa weupe wa bakteria inaficha dalili, na chanzo kinabaki palepale. Tena ukizidisha kipimo, utelezi wake unaweza kuwasumbua samaki kwenye matamvua. Iache dukani.

Bakteria wa chupa ni wazo zuri lenye shaka moja kubwa: joto. Ni viumbe hai, na chupa iliyosafiri kwenye kontena kisha ikakaa miezi kwenye dirisha linalopigwa na jua la Kariakoo huenda imebaki maji tu. Ukinunua, soma tarehe ya mwisho na chukua iliyowekwa mahali pa baridi. Njia bora haina bei: mwombe rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima akukatie kipande cha sponji yake, au aikamue kwenye mfuko wa maji yake, ukaitie kwenye filta yako ndani ya saa chache. Kipande hicho kinakufupishia wiki kadhaa za kusubiri. Usichukue kwenye tangi lenye samaki wagonjwa, wala kwenye tangi la duka ambalo samaki wapya huingia kila siku.

Kaboni inaondoa rangi ya njano na harufu. Amonia haiigusi. Ikishajaa haifanyi kazi tena, na haisafishiki jikoni. Kwa maji ya njano, toa gogo ulichemshe mara kadhaa, badilisha maji, na uone kama bado unaihitaji.

Zeolaiti ni mawe meupe yanayonyonya amonia, na kwenye dharura ni msaada wa kweli. Tahadhari: ukitia chumvi ndani ya tangi, mawe hayo huachia amonia yaliyoinyonya. Kuna wauzaji wanaoweka pakiti ya zeolaiti na pakiti ya chumvi ya samaki kwenye mfuko mmoja bila kusema neno. Chagua moja.

Maji ya kijani

Hapa siwezi kukutisha. Mwani unaoelea si sumu kwa samaki wa dhahabu. Wafugaji wa Japani huwakuza samaki wao wa thamani kwenye maji ya kijani makusudi. Shida ni kwamba huwaoni samaki, na usiku mwani nao hutumia oksijeni, kwa hiyo pampu ya hewa isizimwe.

Sababu ni mwanga mwingi na nitrati nyingi. Sogeza tangi mbali na dirisha, au bandika karatasi ngumu upande wa jua. Taa iwake saa 6 hadi 8, si kutwa. Badilisha maji kila wiki. Inaweza kuchukua wiki tatu au zaidi, na haigharimu zaidi ya maji.

Taa ya mionzi ya UV inaua mwani unaopita ndani yake, na maji husafika ndani ya siku chache. Inafanya inachoahidi. Lakini balbu yake hupoteza nguvu baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, kwa hiyo uliza bei ya balbu kabla ya bei ya taa. Ya wati 9 inaongeza uniti 6.5 hivi kwa mwezi. Na usiitazame ikiwa imewashwa nje ya ganda lake, huunguza macho. Kwa tangi la ndani la lita 60, karatasi ya boksi kwenye kioo inatosha. UV ni ya mwenye bwawa uani.

Vipimo

Kama ungeniuliza chupa moja ya kununua, ningesema kipimo cha amonia cha matone. Maji meupe yenye amonia sifuri yanakuruhusu kusubiri. Maji meupe yenye amonia yanakutaka ubebe ndoo sasa hivi. Ikionyesha 0.25 au zaidi, badilisha robo hadi theluthi ya maji siku hiyo, usilishe, pima tena kesho.

Vijikaratasi vya kuchovya ni rahisi kwa bei ya pakiti, ila pakiti nyingi hupima nitrati, nitriti na pH bila amonia, yaani vinaacha kile unachokihitaji zaidi. Pia huharibika haraka kwa unyevunyevu wa pwani kifuniko kikiachwa wazi. Matone ni ghali kwa chupa, lakini chupa moja hupima mara nyingi. Gawa bei kwa idadi ya vipimo iliyoandikwa kwenye boksi, na tofauti utaiona. Seti kubwa ya vipimo saba nane haina haja. Mkiwa majirani wawili wenye matangi, nunueni moja mtumie wote.

Kuna maduka yanayokupimia maji. Ni msaada mzuri kama wanakuambia namba. Wakikujibu tu "maji yako mabaya" huku mkono ukielekea kwenye rafu ya dawa, omba waonyeshe rangi ya kipimo na kadi yake.

Fundi wa kila mwezi na tangi lenyewe

Fundi anayekuja kusafisha tangi anaokoa muda wako, na kwa mtu mwenye tangi kubwa la ofisini ana thamani yake. Kwa tangi la nyumbani, mwulize anafanyaje. Anayebeba tangi nje, kumwaga maji yote na kusugua kwa sabuni anakuandalia ukungu wa wiki ijayo, na utamwita tena. Lipa anayenyonya robo ya maji na kusuuza sponji kwenye maji ya tangi. Nauli ya bodaboda na dawa anazotumia zitajwe kabla hajaanza.

Sasa jambo ambalo duka halitakuambia: huenda tatizo ni hesabu ya samaki. Samaki wa dhahabu wa kawaida hukua kupita sentimita 20 na anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kipimo ambacho wafugaji wengi hukitumia ni lita 75 kwa samaki wa kwanza na kama lita 40 kwa kila anayeongezeka. Bakuli la lita 5 lenye samaki wawili halitakaa na maji safi kwa dawa yoyote ile, na kila fedha unayoitia humo inapotea. Mpe rafiki mwenye bwawa samaki mmoja au wawili, au tafuta chombo kikubwa. Hakihitaji kuwa kioo: beseni au pipa la plastiki safi la lita 100, ambalo halikuwahi kubeba kemikali, ni nafuu sana kuliko tangi la kioo la ujazo huohuo, na halivujishi kwenye kona. Utawatazama kwa juu, kama walivyofugwa huko China karne nyingi kabla ya matangi ya kioo kuwepo.

Kama fedha ni ya kitu kimoja leo, nunua pampu ya hewa na sponji yake, pamoja na vali. Ikibaki, mpira wa kunyonyea maji. Mwezi ujao, kipimo cha amonia. Dawa ya klorini ifuate kama huna ndoo ya akiba. Hapo umemaliza, na mengine yote kwenye rafu yanaweza kubaki pale.

Ukifika dukani, pampu iwashwe mbele yako kwa dakika chache, ikiwa imetumbukizwa mrija kwenye kina cha maji kama cha tangi lako, kwa sababu pampu dhaifu hupuliza hewani na kugoma chini ya maji. Sikiliza mlio wake ukiifikiria saa nane usiku sebuleni. Uliza kama mpira wake wa ndani unauzwa peke yake, uonyeshwe, na risiti iandikwe tarehe pamoja na siku za kurudisha.